Fundi Pancha Aliyekabidhiwa Hewa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Pumzi amelala kifudifudi juu ya tangi la chuma lenye urefu wa lori. Sikio la kulia limegandamana na chuma, mkono wa kushoto umeshika bakuli la povu la sabuni, macho ameyafumba. Mpita njia asiyejua habari zake atadhani mzee wa watu kazidiwa.

"Siku ya kwanza nilipomwona hivyo nilikimbilia ndoo ya maji nikammwagia," anasimulia mlinzi wa getini. "Akafungua jicho moja akaniambia, 'Asante mwanangu, ila nilikuwa nasikiliza.'"

Anachosikiliza ni hewa. Akisikia mlio wowote, hata mwembamba kiasi gani, anapaka povu penye kiungo na kusubiri. Povu likitoa mapovu mapya, anakaza nati. Lisipotoa, anahamia kiungo kinachofuata. Viungo viko mia tatu na kumi na viwili, na yeye huvimaliza vyote kabla ya chai.

Mzee Pumzi, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ni msimamizi wa matangi manne yanayotunza umeme wa jua. Ndiyo, matangi. Watu wengi wakisikia hivyo huuliza betri ziko wapi, naye hufurahi, maana ameshapata wa kumweleza.

"Betri hakuna! Mchana jua linaendesha pampu. Pampu inasukuma maji ndani ya tangi. Humo ndani kuna hewa, na hewa hiyo tumeifungia, haina pa kwenda. Maji yanaingia, yanaibana, yanaibana, mpaka hewa yenyewe inakasirika. Jua likizama nafungua koki. Weee! Hewa inayatimua maji mbio, maji yanazungusha gurudumu, gurudumu linazungusha jenereta, zahanati inawaka taa. Kesho tunaanza upya. Maji yale yale, hewa ile ile."

Hayo maneno ya mwisho, hewa ile ile, huyatamka polepole, tena huku akitazama pembeni. Ana sababu. Miezi mitano ya kwanza kazini alikuwa hayajui, na kutoyajua kwake nusura kung'oe mtambo mzima.

Kabla ya kuja hapa, Mzee Pumzi aliziba pancha kwa miaka thelathini na mmoja kando ya barabara, chini ya bati moja na jua lote. Siku nzuri alipata matairi kumi na mawili. Siku mbaya alipata mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa la shemeji yake, ambaye malipo yake ni salamu.

"Magoti yalikuwa yanaongea kuliko mimi," anasema. "Nikichuchumaa, kra! Nikisimama, kra! Wateja walidhani nina spana mfukoni."

Siku moja alisimama hapo mwanamke aliyepakia mabomba kwenye gari, tairi la mbele likiwa chini. Alikuwa mhandisi wa mtambo uliokuwa unajengwa. Mzee akaziba, kisha akamwambia kwamba na la nyuma linavuja kidogo, amelisikia. Mhandisi akacheka, akashukuru, akaondoka. Kesho yake asubuhi tairi la nyuma lilikuwa limelala chini kama chapati, na yeye akarudi kwa miguu.

"Sikurudi kuzibiwa pancha," anasema mhandisi. "Nilirudi kuchukua lile sikio."

Basi mzee akapewa kofia ngumu, buti na shati lenye mfuko wa kalamu. Jioni ya kwanza alilala na kofia. Mkewe, fundi cherehani ambaye ulimi wake una ncha kuliko sindano zake, alimtazama akamuuliza swali moja tu: "Kwa hiyo umeacha kujaza hewa kwenye matairi, umekwenda kulinda hewa kwenye pipa?"

"Ni teknolojia," mzee akajibu.

"Sawa, teknolojia. Sabuni yangu irudi jioni."

Miezi miwili ikapita salama. Taa za zahanati na za mtaa ziliwaka tangu jua kuzama hadi saa sita, kama ilivyopangwa. Halafu zikaanza kuzimika saa tano. Kisha saa nne. Mwezi wa tano ulipoisha, saa mbili na nusu tu, giza. Muuguzi wa zamu akaja mtamboni na taa ya kandili mkononi, akaiweka mezani kwa mhandisi akaondoka.

Hewa ilikuwa inapotea, hilo halikuwa na ubishi. Mhandisi alilala chini ya mabomba, mzee akalala juu ya matangi. Walikaza nati zote mia tatu na ushee, wakafungua, wakakaza tena. Sabuni ya mkewe mzee ikaisha, ikaja ya jirani. Hakuna povu lililopumua. Mhandisi akafikia uamuzi kwamba tatizo ni kiwanda kilichounganisha matangi, akaandika barua kali ya kurasa tatu.

Kabla hajaituma, ikaja barua nyingine kutoka makao makuu. Ijumaa mkaguzi angefika. Paneli za jua zingezimwa saa saba mchana, na matangi peke yake yawashe taa zote kwa saa tano. Yakishindwa, mtambo ung'olewe upelekwe kwingine, na wafanyakazi wake waagwe.

"Nilijiona nimeshachuchumaa tena," anakumbuka mzee. "Magoti yakalia kabla sijainama."

Jumatano mchana wawili hao walikaa sakafuni, wamechoka, wanakula bila hamu. Mhandisi akachukua chaki, akachora tangi, zaidi kujifariji kuliko kufundisha.

"Tazama, mzee wangu. Pampu inaleta maji tu. Hewa hii tuliijaza mara moja, siku ya kwanza, kwa ile mashine ya kukodi. Haiongezwi. Ikitoka hata kidogo, imetoka moja kwa moja. Sasa inapotelea wapi?"

Mzee akaacha kutafuna.

"Pampu haileti hewa?"

"Haileti hata pumzi moja."

Hapo, anasema, masikio yake yote mawili yalianza kupiga kelele. Akasingizia tumbo, akaenda nyumbani mchana kweupe.

Ukweli ni kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua tundu liko wapi, ila hakuna aliyejua kuwa ni tundu. Juu ya kila tangi kuna koki ndogo ya kupimia hewa. Mzee Pumzi, wiki ya nne tu kazini, aliifungia mpira wake wa zamani wa kujazia matairi. Mhandisi akiwa mbali kwenye paneli, mwenye baiskeli akipita, psss. Mwenye pikipiki, psss. Mikokoteni, toroli, mipira ya shule. Kuna siku alijaza godoro la upepo la wageni waliokuwa wakienda arusini.

"Mimi nilizoea kompresa," anajitetea. "Kompresa unatoa, yenyewe inavuta nyingine kutoka angani, hewa haina mwisho. Nikajua na hii ndiyo hivyo hivyo, ila kubwa. Mtu amesimama na tairi bapa, mimi nimekaa juu ya hewa yote hii. Nimnyime? Nina roho ya namna gani?"

Kwa hesabu yake, kwa siku yalikuwa kama matairi thelathini na tano. Kwa zaidi ya miezi mitatu na nusu. Mipira hakuihesabu.

Nyumbani alimkuta mkewe akipiga pindo. Akamweleza yote bila kupumzika. Mkewe akazima cherehani. Akacheka. Akacheka mpaka akashuka kwenye kiti akakaa chini, akajipangusa macho kwa sare ya mtu. Mzee yeye alikuwa amesimama tu, kofia mkononi. Mkewe alipomwona vile, kicheko kikakatika.

"Utamwambia?"

"Nikimwambia ananifukuza."

"Usipomwambia?"

"Mtambo unang'olewa. Nafukuzwa vilevile, na zahanati inabaki gizani."

"Na huyo binti wa watu anawatukana wenye kiwanda bure."

"Na hilo pia."

"Haya, baba. Kama ni kufukuzwa, fukuzwa umeshasema. Vaa kofia yako."

Mzee Pumzi hafichi kwamba aliogopa. Anasema njia ya dakika kumi aliitembea nusu saa, akisimama kumsalimia kila mtu, hata wale ambao huwa hasalimiani nao. Mtu mmoja akamsimamisha kumuuliza kama mchana ule angeweza kumjazia baiskeli. Alitaka kulia.

Alimkuta mhandisi anafunga bahasha ya barua kali.

"Mhandisi, tundu nimelipata."

Mhandisi aliruka kutoka kwenye kiti. "Wapi? Tangi la ngapi?"

"Limesimama mbele yako."

Mhandisi alimsikiliza mpaka mwisho, pamoja na godoro. Kisha akatoka nje, akapiga teke ndoo, akarudi.

"Ningeituma hii barua leo," akasema, akiichana vipande. "Baba, ungeninyamazia ningeituma. Wiki tatu nimelala chini ya mabomba!"

"Najua. Na mimi nilikuwa juu."

Mhandisi anakiri kwamba alitaka kumfukuza pale pale. "Nilifungua mdomo kabisa. Halafu nikajiuliza, mimi ndiye niliyempa mtu wa kompresa matangi, nikamwonyesha koki, nikamwonyesha nati, nisimweleze hewa inatoka wapi. Nilimwajiri kwa sikio, nikasahau kwamba ana kichwa kinachojaza chenyewe pale nilipoacha wazi."

Hasira ikapozwa, kazi ikabaki. Mashine ya kukodi ilikuwa mbali, isingefika kabla ya Ijumaa. Lakini fundi pancha hakosi kompresa. Ya mzee ilikuwa nyumbani, imefunikwa kitambaa cha maua, mkewe akiifanya meza ya pasi. Ilipakiwa kwenye mkokoteni, mama mwenyewe akitembea nyuma kuhakikisha kitambaa hakichafuki. Wakayatoa maji yote kwenye matangi, wakaifunga, ikaanza kunguruma saa tisa alasiri Jumatano. Alhamisi ilinguruma kutwa, na Ijumaa asubuhi pampu ikarudisha maji.

Habari zilikuwa zimeshasambaa. Mlinzi anasema watu walikuja na pampu za mkono kurudisha. "Mwenye toroli mmoja alifika akaniambia, 'Mimi nilichukua mara sita, nimekuja kulipa.' Nikamwambia kompresa inatosha. Akasema, 'Hiyo inalipa ya mzee, mimi nalipa yangu.' Mhandisi akamruhusu. Alisukuma mpaka shati likalowa, geji ya hewa haikutikisika hata unywele, lakini alikwenda zake mtu mwenye raha."

Ijumaa saa saba mchana mkaguzi akazima paneli, akavuta kiti, akakaa na saa yake. Taa za zahanati na za mtaa mzima zikawaka juani, watu wakatoka milangoni kuzitazama. Saa nane, zinawaka. Saa kumi, zinawaka. Saa kumi na moja na nusu geji ikawa imeshuka sana, na Mzee Pumzi akahamia juu ya tangi la nne, si kwa sababu ya kusikiliza chochote. Alikuwa hataki watu wamwone uso.

Saa kumi na mbili ikapita. Taa zilizimika dakika kumi na nane baadaye.

Mkaguzi akafungua taarifa ya mhandisi, akafika kwenye mstari wa chanzo cha tatizo, akausoma mara mbili. Uliandikwa: "Mfanyakazi aligawa hewa kwa wananchi kwa kutoelezwa na mhandisi kwamba haiongezwi. Alijisema mwenyewe."

"Yuko wapi huyu?" akauliza.

Mzee akashuka, magoti, kra. "Ni mimi, mheshimiwa."

"Matairi mangapi?"

"Elfu tatu na ushee. Na godoro moja."

Mkaguzi akaandika kitu, akaomba maji ya kunywa. Mpaka leo mlinzi anaapa kwamba alikuwa anajizuia kucheka. Mtambo umebaki. Mzee amepewa mkataba wa miaka miwili, na koki zile ndogo zimetiwa kufuli. Funguo mzee mwenyewe alikataa kuzishika. Anazo mhandisi.

Si kwamba wapita njia wamekata tamaa. Wakati wa mazungumzo haya walisimama watatu, wote na matairi bapa, na kila mara uso wa mzee ulijikunja kwa uchungu wa kweli. Ameomba kompresa yake iwekwe nje ya uzio, iendeshwe na umeme wa adhuhuri unaozidi, ili watu wapate hewa ya angani. Mhandisi ameshaichora kwenye ramani. Mke wa mzee anadai kwanza aletewe meza.

Mtambo wa pili unajengwa upande wa pili wa mji, na mzee ndiye atakayewafundisha wasimamizi wake sita, wanaoanza mwezi ujao. Kati yao atachagua mmoja wa kuwaongoza. Alipoulizwa ataanza na somo gani, la koki au la geji, alivua kofia, akajikuna kichwa.

"Siku ya kwanza sigusi koki," anasema. "Nitawaambia nilichokifanya, wakisikie kwangu kabla hawajakisikia mtaani. Wacheke mpaka wachoke, nawaruhusu. Wakimaliza kucheka nitawauliza, nani hajaelewa hewa inatoka wapi? Atakayekuwa wa kwanza kunyoosha mkono, huyo ndiye nitakayemkabidhi matangi."