Mke Wangu Anampenda Mzungu wa Koti, Kumbe Maneno Yake Natunga Mimi

Admin, ficha jina langu na la mke wangu, maana hapa Juba sisi Waganda tunajuana. Nina miaka thelathini na tisa, nina mke na binti mmoja, Grace, na kazi yangu ni kutafsiri sinema kwenye banda moja la video, mtaa wa Nyakuron. Picha inacheza, mimi nimekaa pembeni na maikrofoni, Mzungu akisema Kiingereza chake nawapa watu Kiswahili nikichanganya na Kiarabu cha Juba. Kwa maneno mimi si haba. Wapo wanaokuja kunisikiliza mimi kuliko kutazama picha yenyewe.

Jumapili mchana, baada ya kanisa, banda hujaa wanawake. Hao hawataki bunduki. Wanataka waigizaji wa Uingereza, na zaidi ya wote wanamtaka mmoja ambaye sitamtaja. Wenyewe wanamwita Mzungu wa Koti kwa sababu havui koti lake refu hata akiwa mezani anakula. Ukiwauliza wanampendea nini utasikia mengi. Mama mmoja muuza chai, mwenyeji wa hapa hapa, husema, "Huyu hapigi kelele. Akikosea anamwambia mke wake malesh, anaomba msamaha, kalas, imekwisha, nyumba iko na amani." Mwingine anapenda anavyomwangalia mtu anayeongea naye. Hilo la kuangalia ni lake kweli. Lakini hayo ya malesh, ndugu zangu, ni yangu. Yule bwana ni mtu wa maneno mawili matatu. Anasema "sawa", anatazama dirishani, picha inasonga. Mimi siwezi kuacha banda zima limekaa kimya, kwa hiyo namjazia. Nimempa utani, nimempa sala, nimempa ahadi za kumtunza mkewe mpaka uzeeni. Nilikuwa najisifu sana kwa hilo.

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Mwaka jana tulimpoteza mtoto wetu mdogo wa kiume. Alishikwa na homa, akatutoka hospitalini mikononi mwa mama yake. Tuliporudi kutoka kuzika, Mama Grace alikaa kwenye mkeka akaniangalia, akingoja niseme kitu. Mimi nilichukua funguo nikaenda kutengeneza spika za banda, na spika hazikuwa mbovu. Tangu hapo jina la yule mtoto halijatoka mdomoni mwangu ndani ya nyumba ile. Yeye akilitaja, mimi natoka nje. Si kwamba sikuumia. Niliumia na mpaka leo naumia, ila nimemwacha mwenzangu alie peke yake muda wote huu.

Jumapili moja hivi karibuni tuliweka picha mpya ya yule Mzungu. Mama Grace alikuja na wenzake wa kanisani, akakaa benchi la mbele. Ikafika mahali Mzungu na mke wake wametoka kumzika mtoto. Wamekaa kwenye ngazi za nyumba yao, mwanamke analia. Mzungu alitazama barabarani, halafu akasema kwa Kiingereza kwamba anaenda kuchemsha maji ya chai. Hilo tu. Nikashika maikrofoni, na sijui nini kilinipata, nikasema, "Mama, nisamehe. Nilikuwa nakukimbia kwa sababu nikikuangalia usoni namwona yeye. Kila asubuhi naamka nasikiliza kama analia. Sijamsahau. Malesh, nimekuacha ubebe peke yako." Wanawake walivuta vitenge wakafuta macho. Mke wangu aliinamisha kichwa mpaka picha ikaisha.

Nyumbani alinikuta nimekaa mlangoni. Akasema, "Baba Grace, umeona mwanaume? Yule Mzungu hajui hata mimi iko Juba, lakini amenipa pole. Wewe umeshindwa."

Nikamwambia, "Si ni mimi nilikuwa naongea?"

"Wewe unatafsiri tu. Maneno iko yake."

Pale pale nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikaomba maji ya kunawa.

Sasa ameamua kurudi kwao Mbale, Uganda, pamoja na Grace. Hajasema atarudi lini, na mimi sijathubutu kuuliza. Mabegi yamefungwa. Ameniomba kitu kimoja tu. Anajua kila ninachotafsiri tunakirekodi, kwa hiyo anataka nimwekee kile kipande kwenye simu, awe anakisikiliza akiwa huko. Yaani ataondoka na sauti yangu ikimwomba msamaha, huku mimi mwenyewe ananiacha hapa. Nikimwambia ukweli, naogopa atauliza mbona banda zima niliwapa maneno ambayo yeye nilimnyima. Na huenda nikamharibia kitu pekee kilichomfariji tangu tuzike.

Leo asubuhi nilimkuta jikoni ameshika kikombe cha plastiki cha marehemu. Nikasema moyoni, leo ndiyo leo. Nikavuta pumzi kama ninavyofanya kabla ya kushika maikrofoni. Kilichonitoka ni, "Nikuchemshie maji ya chai?"

Akasema, "Chemsha," bila kugeuka.

Simu yake ninayo mfukoni ninapoandika haya, na basi lao linaondoka keshokutwa. Nyinyi mnaonisoma, nishaurini. Nimwekee tu kile kipande aende nacho, au nimwambie ni mimi? Na kama ni kumwambia, basi nisaidieni na maneno yenyewe, maana ya kumjazia Mzungu ninayo tele, lakini ya kwangu sina.