Baba Mkwe Ndiye Msahihishaji

Kwenye mitumba ya Mbugani, mwanafunzi mmoja wa chuo alimpa mgongo mhadhiri wake, akajitanda kanga, akaniambia mimi mpita njia:

"Kaka, mwambie mwalimu hakujumlisha jaribio langu la pili."

Mhadhiri, aliyesimama karibu kabisa, alilikodolea macho shati. "Mwambie nimesikia. Chuo kikifunguliwa nitasahihisha."

Nikauliza, kulikoni?

"Ni baba mkwe wangu," akasema yule dada. "Sisi Wanyakyusa, mke hamsemeshi baba mkwe wala hamtazami."

"Na darasani?"

"Darasani nilikuwa nambishia kila kipindi, mpaka alipokuja kwetu kumposea mwanawe."

Mzee akakohoa. Nami hadi leo najiuliza: alikuwa akimtafutia mwanawe mke, au akijitafutia kipindi cha amani?