Harusi Aliyoizika Ndanu

Kalama nzima inajua kwamba saluni ya Ndanu ina televisheni, na kwamba ikifika saa nane mchana, saa ya tamthilia ya Kimexico, yeye huizima. Wateja humtania: "We Ndanu, hao Wamexico walikukosea nini?" Hucheka tu, akaendelea kusuka.

Hawakumkosea kitu. Yeye ndiye mkosaji.

Miaka ile alikuwa na miaka kumi na mitano, shule ameiacha darasa la sita, anakaa na nyanyake mzaa baba, Susu Kalekye. Mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunga Susu macho yote mawili. Vidole tu ndivyo vilivyoona, vikipita kwenye nyuzi za mkonge akisuka viondo. Kila siku ya kazi, saa nane, Ndanu aliunganisha televisheni na betri ya gari, wakaketi kufuata maisha ya Estela, kijakazi aliyependwa na mwana wa tajiri. Watu wa kwenye televisheni walisema Kiingereza, Ndanu akimgeuzia Susu kwa Kikamba, na pale Kiingereza kilipompiga chenga aliongeza chake.

"Anasema nini huyo mama ya kijana?"

"Anasema Estela ni takataka."

"Takataka ni yeye na ukoo wake! Mwambie!"

"Hanisikii, Susu."

"Mwambie tu."

Miaka miwili wakawa hivyo. Susu alikuwa akingoja kitu kimoja, Estela aolewe. "Siku hiyo nitapiga vigelegele mpaka jirani yetu Erastus asikie kule ng'ambo ya mto."

Ndipo msusi mmoja wa nywele pale sokoni akakubali kumfundisha Ndanu kazi. Mchana tu, saa ile ile ya Estela, kuanzia Jumatatu. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Ndanu angeweza kusema. Lakini alikuwa mtu wa kunyamaza, na aliona haya kumwambia asiyeona kwamba amechoka kuwa macho yake. Wiki nzima akaendelea kumgeuzia maneno ya Estela.

Ijumaa, kwenye televisheni, kengele za kanisa zikalia. Kinanda kikaanza. Wanawake wakaangua kilio, kile cha furaha. Susu akaacha kusuka, akatega sikio.

"Nini hiyo, mwiitu wakwa, binti yangu?"

Na maneno yakamponyoka Ndanu: "Estela amekufa, Susu. Wanamzika."

Susu akakiweka kiondo chini. Akauliza kama mama yake Estela yupo mazishini. Ndanu akasema yupo. Akauliza kama kijana analia. Ndanu akasema analia. Susu naye akalia, akaimba wimbo wa mazishi hadi ubeti wa mwisho, machozi yakilowesha leso.

"Zima," akasema mwishowe. "Hiyo kitu isiwashwe tena. Na kesho hatushiki jembe. Kukiwa na maiti hakulimwi."

Ilikuwa wiki ya mvua ya kwanza. Jumamosi majirani wote walikuwa wakipanda mahindi. Shamba la Susu likabaki limelala, yeye amekaa mlangoni na kitambaa kichwani. Jumatatu Ndanu akaenda sokoni kusuka nywele. Hakuna aliyemzuia.

Baada ya mavuno akampeleka Susu Machakos mjini, kwa Hafso, mama wa Kisomali aliyekuwa akinunua viondo vyao. Hafso hakungoja hata salamu ziishe.

"Nyanya! Uliona harusi ya Estela? Wallahi mimi nilifunga duka!"

Susu akageuza uso polepole, akauelekeza pale pale Ndanu aliposimama.

"Tulikuwepo," akasema. "Nililia sana siku hiyo."

"Hata mimi! Hata mimi!" Hafso akacheka, akaendelea kuchagua viondo.

Wakatoka, mkono wa Susu begani mwa Ndanu kama kawaida. Walipofika kwa mafundi wa viatu ndipo Susu akasema.

"Hiyo kazi ya nywele, ungeniuliza ningekwambia enda."

"Ndio, Susu."

"Gauni la Estela lilikuwa namna gani?"

Kubuni hakukumshinda Ndanu, alikuwa amebuni mazishi mazima. Safari hii hakuthubutu.

"Sijui. Sikuliona, Susu. Nilikuwa nakuangalia wewe, kama umeniamini."

Susu akapapasa ukingo wa barabara kwa mguu, akashuka.

"Basi tulilikosa sisi wote wawili," akasema.

Mkono ule haukuondoka begani. Kwa Ndanu, afadhali ungeondoka.