Kitana na Mguu wa Breki

Mimi nauza miwani, na kichwa changu kinasukwa saluni ya mlango wa pili, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Msusi wangu ni binti ambaye hajafika miaka ishirini, mkimya, anaitwa Kitana kwa sababu kitana hakimtoki nyweleni hata akienda sokoni. Saluni ni ya shangazi yake. Kwenye kona ya dirishani kuna meza ndogo na kiti cha Babu, yaani baba yake Shangazi, na juu ya meza kuna ubao wa sataranji.

Kitana alijifunza mchezo huo akiwa amempa Babu mgongo. Mikono yake ilikuwa vichwani mwa watu, basi alikuwa anataja tu: farasi aende kule, askari asogee hatua moja. Babu anamsogezea kete zake, kisha anacheza za kwake. Shida ni kwamba Babu ni mwizi. Mzee mzima, mvi hadi kwenye nyusi, lakini akiona umegeuka anahamisha ngome yako kama mtu anayepanga vikombe kabatini. Ikabidi Kitana aushike ubao mzima kichwani ili amkamate.

"Babu, rudisha farasi wangu," anasema, wala hageuki.

"Alikuwa amechoka," Babu anajibu, huku anamrudisha.

Wateja tulikuwa tunacheka. Mimi niliacha kucheka baada ya harusi ya mdogo wangu. Wakati ananisuka, Kitana alikuwa amebanwa mchezoni, akazama mawazoni, na mistari ya kichwa changu ikapanda vizuri hadi utosini, halafu ikakata kona kushoto kama farasi wa sataranji. Yote. Nyuma ya kichwa mtu hajioni, nikaja kuigundua kwenye picha za harusi, nimewapa wageni kisogo kilichopotea njia. Nililalamika, na hata leo ningelalamika. Kichwa ni changu.

Shangazi alikuwa kama anayesubiri hilo. Siku nyingi roho yake ilikuwa kwenye mashine ya kukaushia nywele, ile ya kofia kubwa, na nafasi iliyobaki saluni nzima ni ile kona.

"Mchezo umeanza kunifukuzia wateja," alisema. "Jumatatu mashine inaingia. Baba, wewe utapumzika nyumbani."

Nyumbani kwao mchana hakuna mtu. Babu hakubisha. Alivuta kopo, akaanza kutia kete moja moja. "Nyumbani nako kuna kiti," alisema. Niliumia. Mimi nilikuwa nimeishtaki mistari, sikumshtaki mzee.

Kitana akaacha kusuka. "Shangazi, Jumamosi kuna mashindano pale ukumbini. Nimejiandikisha."

"Jumamosi? Siku ya wateja?"

"Wamenipanga na namba moja. Nikimshinda, Babu abaki na meza yake."

Shangazi alicheka hadi akashika kaunta. Huyo namba moja mtaa mzima tunamjua. Ni mwalimu wa udereva, ndiye aliyemfundisha Shangazi mwenyewe kuendesha, kwenye gari lile lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Alama zake za sataranji hakuna anayezikaribia kwenye chama chote cha mchezo huo.

"Haya," Shangazi alisema, akijifuta machozi ya kicheko. "Ukimshinda huyo, meza haitoki."

Jumamosi saluni ikafungwa, jambo ambalo sijawahi kuliona, maana Shangazi alitaka kushuhudia kwa macho yake. Tulikaa safu ya mbele. Babu alihamishiwa safu ya nyuma na msimamizi wa mashindano, kwa sababu alikuwa ameshaanza kusogelea kete za watu.

"Shikamoo, Mwalimu," Kitana alisema, akakaa.

"Marahaba, binti. Cheza taratibu. Barabara ni yetu sote."

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Kitana aliutazama ubao kama mtu aliyeonyeshwa picha ya nyumba yake asiitambue. Mikono yake ilikuwa mitupu, haijui ikae wapi. Akapoteza askari mmoja bure, Shangazi akaanza kunieleza mashine itaelekea upande gani.

Meza za ukumbi zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyenye nyuzi zinazoning'inia pembeni. Ile mikono mitupu ikazifikia. Kitana akainamisha kichwa, akaacha kabisa kuangalia ubao, akaanza kusuka nyuzi.

"Anasuka kitambaa cha watu," Shangazi alininong'oneza. "Mungu wangu."

Lakini mimi kisogo changu kinamjua. Alikuwa ameupa ubao mgongo kwa namna pekee iliyowezekana.

Yaliyofuata alinieleza mwenyewe baadaye, kwani mimi muuza miwani, nimevaa na miwani yangu, sikuona kitu. Alipoinama aliona kiatu cha kulia cha Mwalimu, cheusi, kinang'aa. Kwenye mashindano ukigusa kete lazima uicheze, hivyo Kitana alikuwa anapeleka mkono juu ya kete bila kuigusa, akifikiri. Mkono ukiwa juu ya farasi, kiatu kimetulia. Juu ya malkia, kimetulia. Ulipopita juu ya askari wa pembeni kabisa, askari ambaye hakuna mtu ukumbini aliyekuwa na habari naye, kiatu kilikanyaga sakafu hadi ngozi ikajikunja.

Mwalimu alikuwa amefunga breki.

"Nikajiuliza," Kitana aliniambia, "mtu mzima anaogopa nini kwa kaaskari haka?"

Alifumba macho, akautafuta ubao mahali alipozoea kuuweka. Askari yule akisogea hatua moja, tembo wa Mwalimu angelazimika kuhama, na tembo huyo ndiye aliyekuwa anazuia mlango wa mfalme wake. Akafumbua macho, akamsogeza askari, akarudi kwenye nyuzi zake.

Mwalimu alifikiri mpaka jasho likamtoka. Akamwondoa tembo. Kitana akaingiza farasi, akafuatisha ngome, na mfalme wa namba moja hakuwa tena na pa kukimbilia. Mwalimu alitazama, akatazama tena, kisha akanyoosha mkono.

"Nimegonga," alisema.

Kutoka safu ya nyuma Babu alipiga makofi peke yake kabla watu hawajaelewa. Wapo waliosema binti amebahatisha. Hao nawajua, ni walewale wanaonunua miwani ya urembo.

Mwalimu hakusema bahati. Aliuliza tu, "Ile uliionaje?"

"Mguu wako, Mwalimu. Ulifunga breki."

Aliinama akakitazama kiatu chake kama amekiazima. "Kila siku nawakataza wanafunzi wasiangalie miguu," alisema. "Kumbe na wa kwangu sijauangalia." Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli.

Raundi ya pili Kitana alifungwa na mtoto wa shule ya msingi ambaye miguu yake haikufika chini.

Jumatatu mashine ikaja. Shangazi alisimama nayo mlangoni kwa muda, akizungusha macho saluni. Halafu akaburuta nje kiti chake mwenyewe cha kaunta, kile chenye mikono ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia, na mashine ikaingia hapo. Siku hizi anapokea wateja amesimama. Ukimuuliza, anasema kusimama ni dawa ya mgongo. Mimi nilimwona alipoleta mto na kumwambia, "Baba, inuka kidogo," akauweka kwenye kiti cha Babu. Naamini hajawahi kufurahia kushindwa kama alivyofurahi siku ile, ila hilo usimwulize.

Mwalimu naye sasa anakuja kucheza na Babu baada ya kazi. Anakunja miguu chini ya kiti, amejifunza. Juzi nilikuwa nasukwa, Kitana amewapa wote wawili mgongo, kumetulia.

"Babu," akasema, "rudisha ngome ya Mwalimu."

Mwalimu alishtuka, akaukagua ubao. Mguu ukaponyoka, ukakanyaga breki, lakini alikuwa amechelewa.

"Dirishani hapo kuna jua," Babu alisema, akiirudisha. "Nilikuwa naiweka kivulini."