Ngoma ya Magotini

Juzi nilisikia njuga kabla sijamwona mchezaji yeyote. Kisha upepo ukaleta harufu ya ngozi ya ngoma inayopashwa moto, nami, na mvi zangu zote, nikasimama njiani.

Kwetu Ugogo ngoma hupigwa na wanawake, wameibana magotini. Wanaume hushika zeze. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume, lakini shangazi alinifunga kaniki, akanivika shanga na kuniketisha katikati ya wapigaji, kwa sababu mikono yangu haikukosea. Siku tuliyoitwa bomani kumchezea Mdachi, mtawala wa Kijerumani, askari mmoja alicheka.

"Mama, binti yako huyu ataipasua ngoma."

"Atakupasua wewe kwanza," shangazi akamjibu.

Hakumsahihisha. Nikapiga kwa nguvu zaidi, nikiomba moyoni asitokee mtu wa kumsahihisha.

Mavuno yalipokwisha, mjomba alikuja kunipeleka jandoni. Atokaye huko haketi tena na wanawake, na mimi nililijua hilo.

"Shangazi, nikirudi nitapiga?"

Alikuwa akinivua shanga, uzi mmoja mmoja, kwa vidole vilivyonukia samli.

"Ukirudi utapewa zeze, baba."

"Silitaki."

"Najua."

Akachomoa shanga moja nyekundu, akaitia kiganjani mwangu na kukifumba. Nje mjomba alikohoa. Nilitoka nimeishika, sikugeuka. Nyuma yangu shangazi aliigonga ngoma yangu mara moja tu, kisha akafunga mlango.