Chembe Nyeupe za Mguu wa Mwero

Siku yangu ya kwanza kazini katika maabara ya hospitali, Mkuu wa Maabara hakunipa darubini. Alinipa kipande cha mkate wa boflo kilichoota ukungu, akaniuliza, "Bi Mwanakombo, hiki kilichoota hapa ni mmea au ni mnyama?"

Nikamjibu kuwa ni mmea.

"Si mmea wala si mnyama. Ni kuvu, hiyo watu waitayo fangasi. Mmea hujipikia chakula kwa jua, mnyama humeza. Kuvu humwaga maji yake ya kuyeyushia chakula nje, kisha ikafyonza kilichoyeyuka. Ikiingia mwilini mwa mtu, hula pale pale ilipolala."

Nilikuwa binti wa kijiji cha Majoreni niliyetoka chuoni juzi juzi, na mambo ya kuvu niliyaona ni ya mikate na kuta zenye unyevu. Jina la hospitali ile sitalitaja, kwa sababu zitakazoonekana.

Kazi yenyewe haikuwa ya haraka. Mtu akija na choa cha ngozini au mapunye ya kichwani, twakwangua magamba, twayaweka juu ya kioo, twatia tone la maji ya potasi, kisha twangoja. Potasi huyeyusha ngozi ya mtu, lakini ukuta wa kuvu haiuwezi upesi, maana umejengwa kwa kitu kile kile kilichomo katika ganda la kaa. Ngozi ikishalainika, nyuzi za kuvu huonekana zimetandaa, zina matawi.

Baada ya miaka michache nikahamishiwa Kinango, kwa wafugaji. Huko ndiko nilikojua kwamba choa hakibagui. Utakiona shingoni mwa ndama, duara lisilo na manyoya, na siku ya pili ukakiona mkononi mwa mwanamke anayemkama ng'ombe aliyemzaa ndama huyo. Afisa wa Mifugo aliniletea magamba ya ndama, nami nikampelekea habari za nyumba walikotoka wagonjwa wangu.

Niliporudishwa kwa Mkuu wa Maabara yule yule, nilikuwa najiona fundi. Wakati huo ndipo alipoletwa Mwero, mfugaji wa makamo kutoka nyika ya Kinango. Alikuwa amechomwa na mwiba wa mgunga miaka kadhaa nyuma, akauchomoa, akasahau. Unyayo ukafura taratibu bila maumivu makubwa, ukatoboka vitundu, na vitundu vikatoa usaha wenye chembe ndogo kama mchanga. Ugonjwa huo una baba wawili: kuvu au bakteria. Chembe nyeusi ni za kuvu, hapo hatuna shaka. Chembe za Mwero zilikuwa nyeupe, na nyeupe huweza kuwa za yeyote kati ya hao wawili. Dawa zao ni mbali mbali.

Chembe kama ile huoshwa kwanza kwa maji ya chumvi, ndipo ikapondwa na kulowekwa. Siku ile slaidi za malaria zilikuwa zimejaa mezani. Sikuiosha. Niliiponda, nikaipaka rangi, nikaona bakteria, nikaandika daftarini: bakteria, si kuvu. Niliowaona walikuwa wale wa juu ya kidonda tu, wanaokaa kwenye uchafu wowote.

Daktari wa Upasuaji akaliamini neno langu. Mwero alimeza dawa za bakteria miezi saba. Aliporudi, mfupa ulikuwa umeliwa. Mkuu wa Maabara aliitazama chembe mpya yeye mwenyewe, akaniita nami nitazame. Nyuzi nene, zenye vipingili, wazi kabisa. Mguu ukakatwa chini ya goti.

"Daftari lina jina lako," Mkuu aliniambia. "Mimi silifuti, wala simwendei mgonjwa kwa niaba yako."

Siku mbili nilipita mlango wa wodi bila kuingia. Siku ya tatu nikaenda wodini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi ndimi niliyetazama chembe zako mara ya kwanza. Nilitazama vibaya. Sikuiosha chembe, nikakosea."

Akaniuliza, "Ungetazama vyema, mguu ungebaki?"

"Huenda. Kuvu hii dawa zake ni za muda mrefu, na mara nyingine mguu hukatwa hata zikitumika. Lakini ungepata nafasi, nami nilikunyima."

"Haya," akasema, akageukia ukutani. "Nenda. Leo sitaki kukuona."

Nilikwenda. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani kwangu. Tangu siku hiyo kila chembe niliiosha mara tatu, hata foleni ikafika mlangoni, na wenzangu wakanung'unika.

Mwaka uliofuata Mwero aliingia maabara kwa magongo. Nyuma yake alikuwa jirani yake, mwanamke mchunga mbuzi, mwenye uvimbe mdogo unaotoa chembe nyeupe kando ya kidole gumba cha mguu. Kijana wa zamu akainuka kumpokea.

"La," Mwero akamwambia, akininyooshea gongo mimi. "Nataka atazame yule mama pale. Nami nitakaa hapa mpaka amalize."

Akakaa. Niliosha, nikaponda, nikatia potasi, nikangoja. Alinitazama mikono muda wote. Ilikuwa kuvu, ingali changa. Daktari wa Upasuaji aliutoa uvimbe wote, jirani yule akapewa vidonge vya kuvu mwaka mzima, na mpaka leo anatembea kwa miguu yake miwili.

"Umeona?" Mwero aliniuliza siku ya majibu.

"Nimeona, mzee."

"Basi," akasema, akayashika magongo yake.

Sasa nimestaafu, nakaa Ukunda. Vijana wa maabara huniambia mitambo ya siku hizi itawatambulia kila kitu. Alhamdulillahi, itumieni. Lakini mtambo nao hupokea mlichoutilia, na chembe chafu itabaki chafu.

Mwero amezeeka. Akija Ukunda hupiga hodi kwangu, tukala wali, akaniuliza habari za macho yangu, nami nikamuuliza habari za ng'ombe wake. Neno la kusamehe hajanitamkia. Nami sijaliomba. Akimaliza kula, mimi humfikisha mlangoni, nikamshikia gongo moja mpaka ashuke ngazi.