Kibuyu Kisichoitika Salamu

Jirani yetu kijijini Rugu aligombana na kibuyu, na kwa ugomvi huo mama yangu akanyimwa samadi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Mama alikuwa na kitalu cha nyanya ndani ya kibanda alichojijengea: kuta za nyasi, paa la nailoni angavu iliyotoka ndani ya magunia ya mbolea. Jua liliingia, mvua ya mawe ikabaki nje. Tatizo ni kwamba hata mvua njema ilibaki nje, kwa hiyo miche ilitaka kunyweshwa kila siku. Dada yangu akajifungua kule Kituntu. Nyumbani tulikuwa mimi na mama tu, na wote wawili tulitakiwa huko.

Mama akatega kibuyu. Alikitoboa ubavuni, akakining'iniza kwa kamba ya mgomba, akakiletea maji ya chemchemi kwa matete yaliyounganishwa. Kikijaa, kiliinama na kumwaga maji kwenye gogo la mgomba lililotobolewa juu ya miche. Kikiisha kumwaga, jiwe alilokifungia kitakoni lilikirudisha wima, nalo likagonga ubao uliowekwa chini yake: ko!

"Huyu halali wala haombi chakula," mama alisema, tukaondoka.

Tuliporudi miche ilikuwa imesimama vizuri, kijani tupu. Ilibaki kuihamishia shambani, na shamba lile bila samadi halikuzaa kitu. Samadi ilitoka kwa jirani, mzee mfugaji aliyepitisha ng'ombe wake nyuma ya kibanda kila asubuhi. Jumapili, nje ya kanisa, mama akamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akatazama mawingu. "Leo unaniona?"

"Nimekosa nini?"

"Nimepita kwako juma zima. Nasikia unalima humo ndani, ko, ko. Nasema pole na kazi! Kimya. Ng'ombe wangu wenyewe waliona aibu."

Kwetu humpiti mtu anayefanya kazi bila kumpa pole, na anayepewa pole asipoitika, amekutukana wewe na ukoo wako. Mama alicheka mpaka kitenge kikamlegea, akamvuta mzee hadi kibandani. Kibuyu kikajaa, kikainama, kikamwaga. Ko!

Mzee akakizunguka polepole kama anayenunua fahali. "Kazi kinajua," alisema. "Adabu hakina. Kifundishe kuitika, samadi utapata."

"Kitaitika nini, mzee?"

"Chochote. Hata ng'ombe huniitikia."

Kesho yake mama alikishusha kibuyu ili akifungie kifuniko cha debe kitakoni, kilie kinapogonga ubao. Mzee alipopita akapiga kelele, "Pole na kazi!" Tukangoja sote. Kwaang! "Haya, asante," mzee akajibu, na jioni samadi ikaja.

Lakini wakati wa kukishusha, mama aliniita nitazame. Kamba yake ya mgomba ilikuwa chini, imeoza na kukatika. Kibuyu kilikuwa kimening'inia kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe, umefungwa kwa fundo ambalo wachungaji hufungia ndama.

Mama akamuuliza mzee kama ni yeye aliyekifunga tulipokuwa Kituntu.

"Mimi?" alisema. "Niingie kwa mtu asiyeniitikia?"

Wenye ng'ombe wengine walikaa mbali, na wao pia walikana. Nyanya zilizaa, tukazila. Aliyefunga lile fundo hajajitaja hadi leo.